Joe Bauman: Mipira 72 Iliyovuka Ua

Historia ya michezo ina upendeleo, wasomaji wenzangu. Huwaandika waliofika juu, na waliobaki chini huwaachia vumbi lao. Leo mimi namsimamia mmoja wa hao wa chini: Joe Bauman, Mmarekani, mcheza besiboli. Ligi kuu hakuicheza hata mechi moja.

Alizaliwa mwaka 1922 huko Welch, Oklahoma. Alikuwa pande la mtu, urefu karibu mita mbili, na alipigia kushoto. Mwaka 1941 alianza ligi ndogo huko Arkansas. Mara vita hii hapa, akaingia jeshi la majini. Mwaka 1946 akaanza upya, Amarillo, Texas.

Hapa yafaa tuelewane. Besiboli ya Marekani wakati ule ilikuwa ngazi ndefu kweli kweli. Juu kabisa zilikaa timu 16 tu. Chini yake, mwaka 1949, kulikuwa na ligi ndogo 59, zimepangwa kwa madaraja mpaka D. Mchezaji akishasaini, basi, ni mali ya klabu. Klabu ndiyo imuuze, impandishe au imteremshe. Yeye hana kauli. Pingu hiyo ilidumu mpaka mwaka 1975, mwamuzi wa migogoro ya kazi alipoivunja.

Mwaka 1948 Bauman alikuwa mikononi mwa Boston Braves, wakampeleka Hartford. Msimu ulipokwisha wakamletea mkataba wa pesa kiduchu. Wengi wangesaini, maana ligi kuu ilikwisha kunukia. Yeye akakataa. Akarudi zake Oklahoma, mji wa Elk City, akawa anachezea timu isiyo ya ligi na huku anaendesha kituo cha mafuta.

Wapo wasemao alijiharibia. Nami nauliza: alijiharibia nini hasa? Mtu anayelipwa ahadi ya kesho ana haki ya kuhesabu kilichomo mfukoni leo. Na mke naye hapikii ahadi, jamani.

Mwaka 1952 alirudi kwenye ligi, safari hii Artesia, New Mexico, daraja C. Akapiga hom-rani 50. Mwaka uliofuata, 53. Hom-rani ni pale mpira unapovuka ua wa uwanja, na mpigaji akazunguka vituo vyote bila kubughudhiwa na mtu. Mwaka 1954 akahamia Roswell, jimbo hilo hilo. Huko mpira ukivuka, mashabiki walimpenyezea noti za dola kwenye wavu wa uzio, naye akipita anazikusanya. Mshahara wa klabu ulikuwa mdogo. Wavu ndio uliokuwa ukiujazia.

Rekodi ya msimu mmoja ilikuwa 69, ya Joe Hauser tangu 1933, ikafikiwa na Bob Crues mwaka 1948. Tarehe 5 Septemba 1954, katika mechi mbili za siku moja huko Artesia, Bauman aliipita: akapiga tatu, jumla zikawa 72 katika mechi 138. Ligi kuu ikaita? Wapi! Alikuwa na miaka 32. Akaendelea mpaka 1956, akaacha, akabaki na kituo chake cha mafuta pale Roswell.

Rekodi yake haikuvunjwa mpaka mwaka 2001. Aliyeivunja ni Barry Bonds wa San Francisco, hom-rani 73, katika ligi kuu, akilipwa mamilioni ya dola. Bauman alifariki mwaka 2005 huko huko Roswell, uwanja wa mji ukiwa tayari umebeba jina lake.

Sisemi kwamba angekuwa Bonds. Daraja C ni daraja C, na kule juu warushaji ni wengine. Ninachosema ni kwamba swali lake la mwaka 1948 lilikuwa la haki: kazi hii inalipa nini? Wachezaji wa ligi ndogo walijiunga na chama cha wafanyakazi mwaka 2022. Mkataba wao wa kwanza, mwaka 2023, uliinua kima cha chini cha daraja AAA kutoka dola 17,500 kwa mwaka hadi 35,800. Jibu hilo limechukua zaidi ya miaka 70 kufika. Bauman hakulisubiri, alikwenda kuuza mafuta.