Nani Aitwe Tena Uwanjani?

Ukishuka kwenye kituo cha treni cha Victoria Park, mashariki mwa Toronto, kuna daraja la waenda kwa miguu linalokufikisha katikati ya maghorofa ya Crescent Town bila kukanyaga barabara ya magari. Maghorofa hayo yalianza kukaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, juu ya ardhi iliyokuwa shamba la ukoo wa Massey, matajiri wa mashine za kilimo. Walter Massey alilinunua mwaka 1897, akafuga humo ng'ombe wa maziwa, akaliita Dentonia kwa jina la ukoo wa mkewe, Susan Denton. Mwaka 1933 ikahamia hapo Crescent School, shule ya kulipia ya wavulana, na ndiyo iliyouachia mtaa jina ilipoondoka. Leo wenyeji wa mtaa ni wahamiaji, wengi wao kutoka Bangladesh, na barabara ya Danforth iliyo jirani imejaa maduka yao. Nauanza mjadala wa tenisi ya wakongwe mahali hapa kwa makusudi. Orodha ya wastaafu wa kualikwa hupangwa kana kwamba watazamaji wote ni wamoja, nayo ardhi hii inaonyesha jinsi watu wa mahali pamoja wanavyoweza kubadilika katika umri wa mtu mmoja. Msafara wa magwiji ukipita Toronto na tiketi zikauzwa hadi huku, aitwe nani?

Waandaaji wa siku hizi wana jibu la haraka: aitwe aliyeshinda. Jim Courier alipoanzisha msururu wake wa mashindano ya wastaafu nchini Marekani katikati ya miaka ya 2000, kanuni ilikuwa kwamba mchezaji awe amefikisha miaka 30, na awe amefika angalau fainali moja ya mmoja mmoja katika yale mashindano manne makubwa, au amewahi kuwa miongoni mwa watano bora duniani, au amecheza mmoja mmoja katika timu iliyotwaa Kombe la Davis. Asiyetimiza hata moja kati ya hayo hakuwa na pa kupitia, isipokuwa zile nafasi mbili ambazo kila kituo kiliruhusiwa kuzijaza kwa hiari yake. Ni kanuni safi, inayosomeka kwa dakika moja, wala haimpi mtu nafasi ya kulalamika kwamba kapendelewa fulani. Lakini desturi hii ya kuwaita wazee warudi uwanjani haikuzaliwa na mlango mwembamba namna hiyo. Mwaka 1973 Al Bunis, mfanyabiashara wa Cincinnati, alianzisha msafara wa Grand Masters kwa wachezaji waliovuka miaka 45. Wababe wakubwa walikuwemo, akina Frank Sedgman na Pancho Gonzales, ila pamoja nao alikuwepo Torben Ulrich wa Denmark, mtu wa nywele ndefu na ndevu, mpiga klarineti na mwandishi, ambaye katika ujana wake wote hakuwahi kufika hata robo fainali ya mmoja mmoja katika mashindano makubwa. Kwa mizani ya Courier, Ulrich angebaki nje ya geti. Kwa mizani ya Bunis aliingia, na mwaka 1976 akawa namba moja wa wakongwe hao wote.

Baadaye ikaja zamu ya Jimmy Connors. Mwaka 1991, akiwa nafasi ya 174 duniani, alitimiza miaka 39 katikati ya mashindano ya wazi ya Marekani na bado akafika nusu fainali. (Aliyemtoa ni huyo huyo Courier, ambaye baadaye angefungua duka lake la wastaafu, dunia ya tenisi ni ndogo kama kijiji.) New York ilipagawa, na haikuwa kwa sababu ya kombe, maana kombe hakulichukua. Watu walimpenda kwa kule kukataa kuzeeka, kwa kelele zake na ngumi alizokuwa akizirusha hewani. Miaka miwili baadaye akageuza mapenzi hayo kuwa biashara, akaanzisha msafara wa waliovuka miaka 35. Ajabu yake ni kwamba msafara uliozaliwa na mtu aliyeshindwa katika nusu fainali ulizaa misafara mingine inayowapima watu kwa fainali.

Ushahidi ulio mzito zaidi dhidi ya mizani hiyo ni Mansour Bahrami. Alizaliwa Iran mwaka 1956, akajifunzia tenisi kwa kikaango na mpini wa ufagio kwa kuwa watoto wa hali yake hawakuruhusiwa kucheza kwenye viwanja walimookota mipira. Mapinduzi ya mwaka 1979 yakapiga marufuku mchezo wenyewe, ukahesabiwa kuwa wa Kimagharibi, na miaka ambayo wenzake walikuwa wakikusanya makombe ikampita. Alihamia Ufaransa. Katika mchezo wa mmoja mmoja hakuwahi kuukaribia ubingwa wowote mkubwa, na kilele chake kikawa fainali ya wawiliwawili ya Ufaransa mwaka 1989, ambayo alishindwa. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa hakuna mstaafu aliyependwa kumzidi kwenye mashindano ya wakongwe, kuanzia Paris hadi ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London. Hushika mipira sita kwa mkono mmoja wakati wa kuanzisha. Huachia mpira wa juu uanguke, akafungua mfuko wa kaptula, na mpira ukaingia wenyewe humo. Huuchapa mpira kwa mzunguko wa nyuma hadi ukavuka wavu, ukadunda upande wa mpinzani kisha ukarudi kwake, na mpinzani akabaki ameduwaa na raketi mkononi.

Watasema huo ni uchekeshaji, na tenisi si sarakasi. Pingamizi hili lina uzito, maana mashindano yasiyo na ushindani hugeuka haraka kuwa maonyesho ya wazee wanaotaniana, na mtazamaji hatarudi mwakani. Lakini mpira unaorudi wavuni kwa mzunguko haufanywi na mchekeshaji. Unafanywa na mkono uliocheza tenisi maisha yote. Isitoshe, wahenga walishasema mla ni mla leo, mla jana kala nini, na kama tungewafuata kikamilifu hakuna mstaafu yeyote angealikwa, awe bingwa au asiwe. Fainali ya miaka 20 iliyopita haimwongezei mtu mwendo wa miguu leo. Anachouza mkongwe ni mkono na kumbukumbu, na kumbukumbu ya nani ndilo swali ambalo kanuni ya makombe haiulizi. Pingamizi la fedha nalo halishangazi: mdhamini anataka jina linalojulikana. Sawa. Linajulikana na nani?

Chukua Toronto yenyewe. Tenisi hapa ni kongwe, ubingwa wa Kanada ulianza kuchezwa mjini humu mwaka 1881, lakini mwana wa mji aliyefika mbali kupita wote kwa idadi ya mataji hapiti kwenye kanuni ile. Daniel Nestor alizaliwa Belgrade, akaletwa Toronto akiwa mtoto wa miaka minne, na akakua na kuwa namba moja duniani katika mchezo wa wawiliwawili. Alitwaa mataji 91, manane yakiwa ya wawiliwawili ya wanaume katika mashindano makubwa, na dhahabu ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa na Sébastien Lareau, wakiwafunga Woodbridge na Woodforde, Waaustralia, nyumbani kwao. Katika mmoja mmoja hakupanda zaidi ya nafasi ya 58, ingawa mwaka 1992 mjini Vancouver alimwangusha Stefan Edberg, namba moja wa dunia wakati huo, katika Kombe la Davis. Mtoto wa mhamiaji anayeishi kwenye ghorofa la Crescent Town atayaelewa maisha ya Nestor bila kuelezwa. Binti wa mji huo huo, Carling Bassett, alifika nusu fainali ya Marekani mwaka 1984 na nafasi ya 8 duniani mwaka uliofuata. Naye mizani ingemwangusha, kama misafara hiyo ingewakumbuka wanawake tangu mwanzo.

Upande wetu wa dunia mizani inauma zaidi. Tenisi iliingia Afrika Mashariki na klabu za walowezi, ambamo Mwafrika aliingia kuokota mipira au kukata nyasi. Kutoka katika historia hiyo Paul Wekesa wa Kenya alipanda hadi nafasi ya 100 duniani mwaka 1995. Kwa kijana wa Florida, nafasi ya 100 ni mwanzo tu. Kwa nchi ambayo taji lake la kwanza la mashindano makubwa, hata la vijana, lilisubiri hadi Angella Okutoyi alipolitwaa Wimbledon mwaka 2022 katika wawiliwawili ya wasichana, nafasi ile ilikuwa mlima. Kumpima Wekesa kwa fainali za Paris ni kumpima mvuvi wa Pate kwa idadi ya meli alizo nazo.

Atakayetetea kanuni ataleta mfano mzuri: Arthur Ashe. Mwaka 1970 alizunguka Afrika pamoja na Stan Smith, Kenya na Tanzania zikiwemo, na mwaka uliofuata akiwa Yaoundé akamwona mtoto wa miaka 11, Yannick Noah, aliyekuja kutwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1983. Ashe alikuwa bingwa wa Marekani, kwa hiyo ni jina kubwa lililofungua njia. Ni kweli, wala sisemi mabingwa waachwe. Ila watoto waliomzunguka Ashe hawakuwa wakihesabu makombe yake. Waliona mtu wa rangi yao ameshika raketi kama aliyezaliwa nayo. Kombe lilimlipia nauli, na kazi ya uwanjani ikafanywa na kufanana kwao naye.

Nafasi mbili za hiari tayari zilikuwemo ndani ya kanuni ya Courier, na kosa ni kuzijaza kwa rafiki wa mwandaaji au kwa bingwa wa tano asiye na uhusiano wowote na mji husika. Kituo cha Toronto kingempa Nestor moja. Ya pili, kwa mji wenye watu waliotoka kila pembe ya Bahari ya Hindi, ningempa Wekesa, acheze seti moja na bingwa yeyote aliye tayari, kisha asubuhi ya kesho yake wavu ufungwe kwenye uwanja wa wazi karibu na daraja lile la Victoria Park, na asitozwe mtu kiingilio.