Foronya za Alabama

Kitu kinachoitwa mfarishi si kigeni kwetu, ingawa joto la pwani halituruhusu kukijua sana. Ni nguo nzito ya kujifunika: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, na tabaka zote tatu hushonwa pamoja kwa mkono. Katika Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, nguo hii imebeba historia ambayo sikuipata katika vitabu vya shule.

Gee's Bend ni kijiji kilichopo pale mto Alabama unapojipinda, maji yakikizunguka pande tatu. Joseph Gee alianzisha shamba hapo mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba na watumwa wake vikaingia mikononi mwa Mark Pettway, na hadi leo wengi wa wanakijiji, vizazi vya watumwa wale, huitwa Pettway. Utumwa ulipokwisha walibaki wakilima kwa kugawana mavuno na wenye ardhi, na deni la dukani halikuisha. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alikwisha kufa. Warithi wake wakadai, na watu wakanyang'anywa mifugo, zana, hata mahindi ya chakula. Wanawake wakashona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa na magunia, maana upepo wa baridi ulipenya katikati ya mbao za nyumba. Kielelezo hawakuwa nacho. Kiraka kilichopatikana ndicho kilichoamua.

Niliyajua haya mwaka 2019, mwanangu anayeishi huko aliponipeleka katika kambi ya siku tatu ya kushona. Mwanamume nilikuwa peke yangu. Kwetu mzee akikaa barazani na sindano anashona kofia ya viua hapana anayemshangaa, nami sikuiacha kazi hiyo hata nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Washonaji wenzangu walinitazama kidogo, kisha wakanisogezea kiti. Wengi walikuwa wastaafu, wenye vitambaa vipya vilivyonunuliwa ili vikatwe viraka. (Mama yangu angelia!) Mwalimu wetu, bibi wa makamo yangu, mzaliwa wa Gee's Bend, aliugeuzageuza mshono wangu akauliza, "Nani aliyekuchorea mistari?" Nikamjibu kwamba hakuna, mkono umezoea. Akasema mkono wangu ungependwa sana na wenye maduka. Sikujua kama amenisifu.

Jibu nililipata jioni, alipotusimulia. Watu wa Gee's Bend walianza kuvuka mto kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1962 kivuko kikasimamishwa, na safari fupi ya majini ikawa mwendo wa karibu saa nzima kwa gari, kwa mwenye gari. Februari 1965 Martin Luther King alifika kijijini. Waliojiandikisha, baadhi yao walifukuzwa katika nyumba na mashamba waliyopanga. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu zile, wakisaidiwa na kasisi Francis X. Walter, waliunda ushirika uitwao Freedom Quilting Bee. Mifarishi yao ikapigwa mnada New York, fedha zikarudi kwa washonaji. Ushirika ukanunua ardhi, ukajenga nyumba ya kushonea, na ukaziuzia viwanja baadhi ya familia zilizofukuzwa. Nimefundisha historia miaka mingi, na maandamano ya Selma ya mwaka 1965 nilikuwa nayo kichwani kwa tarehe. Kitabu kinachoeleza mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya kura alikwenda kulala wapi, sikuwahi kukabidhiwa.

Lakini soko lilikuwa na masharti. Maduka makubwa yalitaka mifarishi inayofanana, na mwaka 1972 kampuni ya Sears, Roebuck ikaagiza foronya za mito za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mifuo. Kila foronya ilipaswa kuwa sawa na mwenzake. Wanawake waliozoea kukata kwa jicho sasa walipimwa. Mabaki ya kodrai waliyachukua nyumbani, wakashona watakavyo. Mifarishi ya nyumbani kama hiyo ndiyo iliyotundikwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York mwaka 2002, na mwaka 2006 ikachorwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Wajuzi wa sanaa husifu mifarishi ile huru na kuzipita foronya kimya. Mimi sikubaliani nao. Chuoni nilikagua maelfu ya maandalio ya masomo, yote kwa safu zile zile, kwa kuwa wakaguzi walizitaka na mshahara ulitegemea hayo. Mwalimu mzuri alijaza safu zake, akafunga mlango, akafundisha kwa njia yake. Sikumwona kuwa mtumwa wala mnafiki. Foronya zilileta ujira kwa wanawake ambao jembe halikuwaachia hata senti, na kodrai ya ile mifarishi ya ukutani ilitoka kwenye meza hizo hizo.

Kivuko kilirudi mwaka 2006, baada ya miaka 44. Ushirika ulifungwa mwaka 2012. Foronya zenyewe, kwa kuwa zilikuwa za kulalia, nyingi bila shaka zilichakaa zikatupwa.