Mwanagenzi na Tupa Yake

Wazee wa kando ya Ziwa Nyasa waliisimulia sana habari ya meli ya misheni iliyoitwa Chauncy Maples, kwa jina la yule Askofu wa Likoma aliyekufa maji ziwani mwaka 1895. Meli hiyo ilitengenezwa Glasgow, katika Uskoti, mwaka 1899. Ililetwa Afrika katika vipande zaidi ya 3,000, ikaungwa kando ya ziwa, na mwaka 1901 ikashushwa majini. Watu husifu mabega ya wapagazi, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini twapenda kuuliza neno jingine: ni nini kilichowapa watu tumaini ya kuwa vyuma vilivyokatwa Glasgow vitaoana tena mbali namna ile?

Zamani haikuwa hivyo. Kila skrubu ilikuwa na nati yake moja tu, nazo zilitiwa alama, maana zikichanganyika hazikubali kuingiana, na fundi hana budi kuanza kazi upya. Aliyewafundisha mafundi wa Uingereza njia iliyo bora alikuwa mtoto wa kazi, jina lake Henry Maudslay.

Maudslay alizaliwa Woolwich, karibu na London, mwaka 1771. Alipokuwa na miaka 12 alitiwa katika ghala ya silaha ya serikali, kazi yake kujaza baruti katika risasi. Baada ya miaka miwili akapelekwa kwa maseremala. Lakini moyo wake ulikuwa katika chuma, hata alipopata miaka 15 akahamishwa kwa wahunzi. Huko ndiko alikojua kuitumia tupa, hata wenzake wakamstaajabia.

Mwaka 1789 Joseph Bramah, mtengeneza kufuli wa London, alisikia sifa zake akamwita. Basi mafundi wa pale walinung'unika: kijana huyu ana miaka 18 tu, wala hakumaliza miaka saba ya uanagenzi kama ilivyo desturi, tutafanyaje kazi naye sawasawa? Inasimuliwa kwamba Maudslay mwenyewe aliomba ajaribiwe. Akaonyeshwa jiliwa kuukuu, meno yake yamelika kabisa, akasema ataitengeneza kabla ya saa ya kufunga kazi. Akavua koti, akatia meno mapya ya feleji, akayachonga, akayatia moto na maji yapate ugumu, akalainisha yote kwa tupa. Saa ya kufunga ilipofika, jiliwa ilikuwa tayari, na manung'uniko yakakoma.

Alikaa kwa Bramah miaka minane. Mwaka 1797, akiwa na mke na watoto, aliomba kuongezwa mshahara wake wa shilingi 30 kwa juma, akanyimwa. Akatoka akafungua karakana yake mwenyewe. Siku zile mkerezaji wa chuma alishika patasi yake kwa mkono, na mkono ukichoka, kazi huharibika. Maudslay aliifunga patasi katika kishikio cha chuma kinachotelezea juu ya njia iliyonyoka, kikivutwa na skrubu ndefu. Watu wengine walikwisha kulijaribu jambo hilo kabla yake, lakini yeye alilikamilisha kwa chuma imara. Tangu hapo skrubu ya leo na ya kesho zaweza kuwa sawasawa. Alitengeneza pia chombo cha kupimia, ambacho kiliweza kuonyesha sehemu moja katika 10,000 za inchi. Akakiita Lord Chancellor, yaani jina la mkuu wa mahakimu, maana hukumu yake haikuwa na rufani.

Katika karakana yake kila fundi hodari alikuwa na bamba la chuma lililo sawa kabisa, la kujaribia kazi yake. Namna ya kulipata bamba hilo yafaa waalimu waifahamu. Ukisugua mabamba mawili moja juu ya jingine, yaweza kuoana vizuri na yote mawili yawe mabaya, moja lina shimo na moja lina kilima. Basi hutwaliwa la tatu, na kila moja hujaribiwa na mengine yote mawili, hata yakubaliane yote matatu. Hapo tu ndipo yanapokuwa sawa kweli.

Mwaka 1829 alifika kijana wa miaka 20, James Nasmyth, pamoja na baba yake aliyekuwa mchoraji wa picha huko Edinburgh. Waliomba nafasi ya uanagenzi. Maudslay akakataa, maana wana wa watu wenye mali waliolipa ada walikuwa wamemsumbua kwa uvivu. Walipokuwa wakitembea karakanani, kijana akamwona mtu akizoa majivu ya tanuri, akasema angefurahi kupewa hata kazi ile. Maudslay akamgeukia akamtazama. Alipokwisha kuona mashine ndogo ya mvuke aliyoitengeneza kijana kwa mikono yake, akamweka karibu naye kwa shilingi 10 kwa juma. Nasmyth ndiye aliyebuni nyundo kubwa ya mvuke mwaka 1839. Mwenzake, Joseph Whitworth, aliyepita katika karakana ile ile, alitoa kipimo kimoja cha skrubu mwaka 1841, na kipimo hicho kikaenea Uingereza nzima. Meli yetu ilipotengenezwa, mafundi walikwisha kukizoea miaka mingi.

Sasa na tuungame kosa letu. Kijana mmoja wa parokia yetu aliingia uanagenzi katika kiwanda cha mashine mjini. Baada ya miezi mitatu alileta barua kwamba hajaguswa na mashine yo yote. Kutwa ni tupa, kipande kile kile cha chuma, na jioni ni ufagio. Baba yake alituuliza shauri. Tukamjibu ya kuwa mtoto anatumikishwa bure, na amrudishe. Kijana akarudi. Hatukujua kwamba kile kipande cha chuma kilikuwa ndicho somo lenyewe.

Enyi waalimu na wazazi, barua kama ile ikiwafikia, ulizeni kwanza: je, yuko fundi anayeipima kazi ya mtoto na kumwonyesha ilipokosa? Kama hayuko, mtoeni. Kama yuko, mwacheni mtoto na tupa yake, mkamwombee uvumilivu.