Aliyesimama juu ni mwenye bunduki

Wadau, wanaokwenda Mafia wengi hufuata papa potwe. Wachache wanajua kwamba Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa hicho kutoka kwa Wajerumani, na Julai ndege zilizoruka kutoka hapo zikaelekeza mizinga iliyoimaliza manowari Königsberg kule delta ya Rufiji.

Vita vilipokwisha wakalipwa nini? Askari alipewa sanamu ya shaba, ile ya Posta, Dar es Salaam, 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, kwa Kiswahili kabisa, ila aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Nairobi angalau walimchonga na mpagazi. Hawa jamaa walibeba risasi na unga wa jeshi kichwani, wakafa kwa maelfu, zaidi kwa kuhara na malaria kuliko risasi. Mishahara ya wengi waliokufa Waingereza hawakuilipa kamwe. Kambi yao, Carrier Corps, sisi tumeigeuza Kariakoo, tunabishania bei ya viatu.

Cha kushangaza, aliyeshindwa ndiye aliyekumbuka deni: mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo askari wake wazee waliokuwa bado hai. Wapagazi hawakuwamo.