Pale Ukuta Ulipokuwa

Mafundi walipobomoa ukuta uliotenga jikoni na sebule, sakafu ilibaki uchi. Upande mmoja vibao vya muhugu, vimepangwa kama mkeka. Upande wa pili saruji nyekundu. Katikati, mstari wa simiti, upana wa shubiri moja hivi.

Nyumba yenyewe ni ya miaka ya 1950, Kilimani, na mama aliinunua baada ya kudunduliza karibu maisha yake yote. Kama umeishi nyumba hizi za zamani, unajua mpango wake: mbao kwa wanaokula, saruji kwa wanaopika, na SQ kule nyuma karibu na mapipa. Aliyechora hakuhitaji bango. Sakafu ilitosha.

Guka wangu alikuwa mpishi kwenye nyumba kama hii. Mbao alizikanyaga akiwa na sahani mkononi, ama akiwa amepiga magoti na kitambaa cha nta. Hiyo ilikuwa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Aprili 1954 ilipokuja Operesheni Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizolewa Nairobi wakatupwa kambini. Guka alibaki jikoni. Kwa nini yeye? Hakuwahi kusema, na mama aliacha kuuliza.

Muhugu nao una hadithi yake. Unaota Karura, msitu wa Ngong na kule Arabuko-Sokoke. Ni mti mgumu, mzito, una harufu karibu na ya msandali, lakini shina lake hujipinda na mara nyingi moyo wake ni mtupu. Mbao ndefu hupati. Ndiyo maana ulikatwa vibao vidogo vya sakafu, vingine vikasafirishwa hadi Ulaya. Vile vinyago vya twiga na vifaru vya wachongaji Wakamba, vingi pia ni muhugu. Unakua polepole sana, so tulichokuwa tukikanyaga ni miti iliyokuwa mizee hata kabla ya reli.

Mama alitaka mbao zifike hadi kwenye jiko. Mimi nikasema tuache ule mstari, watu waone. Nilikuwa na hotuba nzima, manze.

“Wewe hukulelewa na mtu wa magoti,” akanijibu. “Sitaki kuona alama.”

Fundi, mzee mpole, hakuingilia. Alipata vibao vya zamani kutoka bangalo lililobomolewa kupisha ghorofa, akavilaza ndani ya nyumba wiki nzima vizoee hewa yetu. Halafu akafanya kitu kilichonishtua: akang’oa vibao vizuri vya sebuleni, hapa viwili, pale vitano. Ukiunga kwa mstari mnyoofu, alisema, jicho litauona milele. Lazima upya uingie ndani ya ukale kama vidole vya mikono miwili. Chini kulikuwa na lami ya gundi ya zamani, nayo ilikwanguliwa yote, maana gundi ya leo haishiki vizuri juu yake. Saruji ya jikoni ilichongwa ishuke, kibao kipate nafasi.

Vibao vyake vilikuwa vinene kidogo kuliko vyetu, vilivyolika kwa miaka ya msasa na miguu. Akaviacha vimechomoza, kisha akapitisha mashine chumba kizima. Vumbi lilinukia kama duka la udi. Rangi ya juu, ile hudhurungi ya jua na nta, ikaondoka kote, na chini yake vya zamani na vipya vikakaribiana sana. Vanishi pia ilipakwa kutoka ukuta hadi ukuta. Ukipaka kiraka peke yake, umeharibu.

Ilipokauka, mama alivua viatu akatembea kutoka sebuleni hadi kwenye jiko, akarudi, akainama kutafuta kiungo. Hakukiona.

Mimi nakijua. Kibao cha tatu kutoka dirishani kina tundu la msumari wa bangalo lile. Sijamwonyesha.