Nduthi: Vile Unafaa Kubeba Abiria Mkafika Wote Salama

Tuanze na sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakubali abiria mmoja tu, akae kwa kiti nyuma yako, mguu huku na mwingine huku. Najua wawili ni doo zaidi. Na ile ya madam kukaa upande juu sketi imembana? Pia hairuhusiwi, hata kama mtaani ndiyo stailo. Akikaa hivyo, uzito wote unavutia nduthi upande mmoja, na ukishika breki ghafla, yeye ndiye wa kwanza kumwagika.

Helmeti na rifleta ni za nyinyi wawili. Hakikisha amefunga kamba ya kidevu, juu isipofungwa, helmeti itatoka kabla kichwa kigonge lami.

Apandie kushoto, nduthi ikiwa imesimama na miguu yako yote chini. Ekzosi ya Boxer iko kulia, na wasupa kibao wako na hiyo alama kwa mguu. Leso, bui na mtandio zikunjwe vizuri, zisifikie cheni ama spoki.

Mkiwa wawili nduthi inachukua umbali zaidi kusimama, kwa hivyo anza kushika breki mapema. Mtoto juu ya tanki? Hapana, abiria ni nyuma.