Sirari, Mji wa Watembea kwa Miguu



Kila tunapotangaza matembezi ya hisani ya Desemba, hakosekani mtu wa kuuliza kama mambo haya ya kupanda vilima kwa hiari si ya watalii na watu wa mijini. Wengi wetu tunaokaa Mwanza, Nairobi na Dar es Salaam tumeulizwa hivyo na wazee wetu wenyewe. Tunaona ni vema tujibu kwa historia, maana kama kuna mji usiohitaji kufundishwa kutembea, ni wetu.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana Afrika Mashariki kwa mstari uliotoka mdomo wa mto Umba, kule pwani, hadi pale latitudo ya nyuzi 1 kusini inapokutana na Ziwa Victoria. Mstari huo uliupinda Mlima Kilimanjaro, lakini huku kwetu haukumpisha mtu. Wakira, Wanyabasi na Wairege wakajikuta wana ndugu upande huu na ule. Njia za kwenda ukweni, sokoni na msibani zikaendelea kukanyagwa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Malori yalisimama, lakini hakuna aliyeacha kwenda kumzika shangazi yake. Hizo ndizo njia zinazoitwa za panya, jina tusilolipenda, kwa kuwa njia zenyewe ni kongwe kuliko kizuizi chenyewe.

Hata kutembea kwa pamoja kwa ajili ya jambo fulani si kitu kipya. Usiku wa kuamkia Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge hadi kilele cha Kilimanjaro, na kila mtoto wa shule anaijua habari hiyo. Inayotuhusu zaidi sisi wa Mara ni ya mwaka 1967. Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa Februari, vijana katika sehemu mbalimbali za nchi walianza kutembea kwa miguu kuliunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki akiwa safarini. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere naye akatoka kwao Butiama kwa miguu, akaenda hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, safari ya zaidi ya kilomita 200. Alikuwa na miaka 45, yaani umri wa wengi wetu tunaolalamikia magoti tukipanda ngazi za ofisini. Rais angeweza kwenda kwa gari na hotuba ingekuwa ileile. Lakini mtu anayepita kwa miguu hulazimika kusimama, kusalimia na kuona watu wanaishije, na wao humwona.

Kikundi chetu cha matembezi kilijifunza jambo hilo polepole. Mwanzoni tulifuata lami kutoka mpakani kuelekea Tarime. Tulikula vumbi la malori, tukakwepa bodaboda, na hatukuona chochote tusichokuwa tumekiona kwenye dirisha la basi. Mzee mmoja akatucheka, akasema kama tunataka kutembea tumfuate. Akatupitisha njia za ndani, upande wa Mwema na Susuni, akituonyesha mahali watu walipokuwa wakipumzisha ng'ombe na mti waliokutania waliokwenda kutafuta kazi ng'ambo. Baadhi ya njia hizo sasa zimelimwa, nyingine zimezibwa na nyumba, na wanaozikumbuka wanapungua kila mwaka.

Ni katika njia hizo tulipoona kijito wanachovuka watoto kwenda shule. Kiangazi unakiruka bila kuvua viatu. Masika wanavuka juu ya magogo mawili yaliyofungwa kamba, wakubwa wakiwabeba wadogo mgongoni, na maji yakizidi hawaendi shule kabisa. Hakuna aliyekuwa ametuficha habari hiyo. Ni kwamba barabara kuu haipiti pale.

Kwa hiyo fedha za mwaka huu zote zinakwenda kwenye daraja la waenda kwa miguu. Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tuna neno moja la kuongeza: katika hafla nyingi za uchangiaji, fulana, muziki na mshereheshaji hula sehemu kubwa ya kilichochangwa. Safari hii hatuchapishi fulana. Vaa ya zamani, beba maji yako, uje na mtoto mwenye miguu mizuri kuliko yako. Tutaanzia karibu na soko asubuhi kabla ya jua kali, tutapita njia za ndani, na tutasimama kijitoni ili kila mchangiaji aone magogo kwa macho yake. Asiyeweza kufika atume ahadi kwa fomu iliyo ukurasa wa mwisho, na stakabadhi itamfikia popote alipo.